Gari Lisilosimama

Nimeitazama filamu ya The Constant Gardener mara sita au saba sasa, na kila mara kuna mahali naisimamisha, nainuka na kwenda jikoni kunywa maji. Si pale mochari. Si pale gari lilipopinduka kando ya Ziwa Turkana. Ni ndani ya gari jingine, gari zima, linalotoka hospitalini Nairobi.

Tessa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa. Mumewe, Justin, mwanadiplomasia wa Uingereza, ndiye anayeendesha. Pale wodini, kitanda cha jirani kilikuwa na binti anayeitwa Wanza, aliyejifungua mtoto mzima halafu akafa yeye. Tessa, ambaye hakuwa na mtoto wa kumpa ziwa, alimnyonyesha wa Wanza. Sasa kandokando ya barabara anatembea mvulana, Kioko, mdogo wake Wanza, amembeba mpwa wake. Wanarudi kwao kwa miguu na kwao ni mbali. Tessa anamwomba mumewe asimame awape lifti. Justin anakataa, kwa upole kabisa. Anasema hawawezi kujiingiza katika maisha ya watu hawa, kwamba wenye shida ni mamilioni na kuna mashirika ya kazi hiyo. Tessa anamwambia: lakini hawa wako hapa, hawa tunaweza kuwasaidia. Gari linapita.

Wanza na Kioko ni majina ya Kikamba. Kioko ni mtoto aliyezaliwa asubuhi. Mkenya akiyasikia majina hayo anajua mara moja kwamba huyu ni mtoto wa watu, ana bibi mahali fulani anayengoja habari, na kwamba habari atakayofika nayo ni mbili kwa mpigo: dada hayupo, huyu hapa mwanawe.

Kinachoniinua kwenye kiti ni kwamba ndani ya gari lile hakuna jambazi. Justin ni mtu mwema. Anapenda mimea, anaongea kwa adabu, anampenda mkewe. Hakupiga mtu, hakuiba. Amepita tu.

Kwa asiyeijua filamu hii, nitaeleza kisa chake mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwanza na aanze huko. Ni riwaya ya John le Carré iliyotoka mwaka 2001, ikafanywa filamu na mwongozaji Mbrazili, Fernando Meirelles, mwaka 2005. Justin anamuaga mkewe uwanja wa ndege. Tessa anaelekea Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, pamoja na daktari Arnold Bluhm, Mbelgiji mwenye asili ya Kongo. Hawarudi. Mwili wa Tessa unapatikana karibu na Ziwa Turkana, dereva ameuawa, Bluhm hajulikani aliko. Maofisa wa ubalozi wana maelezo tayari: majambazi wa njiani, au huyo huyo Bluhm, wivu wa mapenzi. Justin hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Anaanza kuuliza. Anagundua kwamba mkewe na Bluhm walikuwa wakifuatilia dawa mpya ya kifua kikuu, Dypraxa, inayojaribiwa kwa maskini wa Nairobi kupitia kampuni ya ThreeBees; kwamba dawa hiyo inaua; na kwamba wanaokufa wanafutwa kwenye daftari kana kwamba hawakuwahi kuugua, wala kuzaliwa. Waliotaka Tessa anyamazishwe hawakuwa majambazi wa Turkana. Walikuwa wanaume wa suti na tai, wengine alikuwa akila nao meza moja.

Niliipata mara ya kwanza mwaka 2006, diski ya kuchoma kutoka River Road, na tuliitazama sebuleni kwa shangazi, mimi na binamu zangu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Tulikuwa tumezoea filamu za wageni ambamo Afrika ni nyasi, jua kubwa na twiga. Hapa palikuwa na reli ya Kibera yenyewe, mabati yenyewe, mitaro yenyewe. "Aki, hapo napajua!" binamu yangu alipiga ukelele karibu aiangushe televisheni kwa kuonyesha kidole. Meirelles na mpiga picha wake, César Charlone, walikuwa wametoka kutengeneza Cidade de Deus, nayo imetokana na riwaya, nayo ya mitaa ya maskini, huko Rio. Walikuja na jicho lile lile. Kamera inatembea kama mtu anayepita kichochoroni, anaruka mtaro, anainama kukwepa nguo zilizoanikwa, anageuka akisikia mtoto analia. London ikionekana, rangi inapoa, inakuwa ya kijivu kama maji ya kufulia. Kenya ni nyekundu na njano mpaka unahisi vumbi kooni.

Sebule ikaja kunyamaza yenyewe. Nakumbuka shangazi alitoka chumbani kuuliza kama umeme umekatika.

Kuna jambo la wakati ule ambalo watazamaji wa nje hawakuwa nalo. Filamu ilipigwa Kenya mwaka 2004. Julai ya mwaka huo huo, balozi halisi wa Uingereza jijini Nairobi, Edward Clay, alisimama mbele ya wafanyabiashara akasema viongozi wetu wanakula kwa ulafi mpaka wanatapika juu ya viatu vya wafadhili. Redio zilirudia maneno hayo wiki nzima. Matatuni watu waliyacheka na kuyakasirikia kwa pamoja. Kwa hiyo sisi tulipoona kwenye filamu ubalozi wa Uingereza ukificha ushahidi na kulinda kampuni, tulikuwa na picha mbili kichwani: ya balozi aliyesema, na ya ubalozi unaonyamaza. Nadhani ndiyo maana binamu yangu mkubwa alibaki akirudia swali moja, viatu vya nani sasa?

Riwaya niliisoma baadaye, mwaka 2009, nakala iliyochakaa niliyoinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, imeng'oka gamba na kufungwa kwa uzi. Hapo ndipo nilipoelewa kazi iliyofanywa na Jeffrey Caine, aliyeandika mswada wa filamu. Kitabu hakianzi na Tessa wala Justin. Kinaanza Jumatatu asubuhi ofisini, habari ya kifo inapoingia, na tunaipokea kupitia Sandy Woodrow, ofisa mwenzake Justin. Tunakaa ndani ya kichwa cha Woodrow kurasa nyingi. Alimtamani Tessa, alimwandikia barua ambayo sasa inamtia hofu, na hata akilia moyoni anapiga hesabu ya cheo chake. Baadaye wanakuja polisi wawili kutoka London na mahojiano yao yanachukua sehemu kubwa. Kitabuni Justin anafika hadi Kanada kuwatafuta waliotengeneza dawa. Filamu imefuta safari ya Kanada yote, imewapunguza polisi mpaka karibu hawapo, na imemtoa Woodrow mbele ikawaweka mume na mke.

Nimesikia wapenzi wa kitabu wakilalamika. Mimi naona Caine na Meirelles walichagua vizuri, kwa sababu filamu haina subira ya kukaa kichwani mwa mwoga kwa saa nzima. Lakini kuna kitu kilipotea na ninakikosa. Ndani ya kichwa cha Woodrow unaona jinsi mtu wa kawaida, mwenye watoto, anavyofika kukubali mauaji. Hafiki kwa hatua moja. Anafika kwa kutofungua bahasha, kwa kutouliza, kwa kukubali kwamba mkubwa wake anajua zaidi. Kwenye filamu Danny Huston anaigiza hayo yote kwa macho, na ni mwigizaji hodari, lakini macho hayatoshi.

Badala yake filamu imetupa kitu kidogo ambacho mimi sikukiona kitabuni kwa nguvu ile. Woodrow anakuja kumwambia Justin kwamba Tessa huenda amekufa. Justin yuko katikati ya mimea yake. Anasikiliza. Halafu anamshukuru, anamwambia ni vyema kwamba umekuja kuniambia, bila shaka haikuwa rahisi kwako. Anarudi kwenye mimea. Ralph Fiennes hainui sauti wala hadondoshi kitu. Huyu ni mwanamume ambaye maisha yake yote amefunzwa kuwapunguzia wengine usumbufu, hata mkewe akifa. Kisha mochari: shuka linafunuliwa, Woodrow anatapika, Justin amesimama. Aliyetapika ndiye mwenye siri. Sijaona filamu nyingi za uhalifu zinazoweza kukuonyesha mhalifu mapema hivyo bila kukuambia.

Rachel Weisz alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Tessa, na aliistahili. Lakini nataka kuzungumzia dawa, kwa sababu hapo ndipo kitabu na filamu vinaponigusa nyumbani.

Ami yangu, mdogo wake baba, aliugua kifua kikuu nikiwa shule ya msingi, Changamwe. Dozi ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa pamoja miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa miezi minne. Moja kati ya hizo ni rifampicin, inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na sisi watoto tulikuwa tukinong'onezana kwamba ami anakojoa fanta. Baada ya miezi miwili alipata nguvu, kikohozi kikakoma, akaacha. Alikuwa na kazi bandarini na foleni ya kliniki ilikuwa inamla siku nzima ya mshahara. Ugonjwa ukarudi. Safari hii ilikuwa miezi minane, na sindano za streptomycin kila siku kwa miezi miwili. Masikio yakaanza kuvuma. Mpaka leo ukimwita ami kwa nyuma hasikii. Unazunguka mbele, unampungia mkono.

Sasa fikiria mtu anamjia ami na kumwambia kuna dawa mpya, vidonge vichache, muda mfupi. Hiyo ndiyo ahadi ya Dypraxa. Nawaona baadhi ya wachambuzi wakiizungumzia dawa ya kwenye filamu kana kwamba ni sumu iliyobuniwa na shetani. Hawaelewi ukubwa wa kitu hiki. Dawa mpya ya kifua kikuu ilihitajika, na inahitajika. Bedaquiline ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012, miaka takriban 40 ilikuwa imepita bila dawa ya kifua kikuu inayofanya kazi kwa njia mpya. Kwenye filamu kampuni inajua ugonjwa sugu unakuja na dunia itanunua. Ikisimama kuirekebisha dawa itapoteza miaka na fedha nyingi. Kwa hiyo haisimami. Inaizika ile idadi ya waliokufa, kihalisi: Justin anapelekwa kwenye kaburi la pamoja, watu wamefukiwa kwa chokaa, hawana majina. Ubaya umekaa ndani ya kitu chema, na ukiuondoa wema wake huwezi kuelewa kwa nini watu wengi waliutumikia.

Le Carré mwenyewe aliandika mwishoni mwa kitabu kwamba watu na kampuni zake ni za kubuni, na akaongeza kwamba ukilinganisha na ukweli alioukuta, hadithi yake ni laini kama kadi ya posta ya likizo. Wasomaji wengi walikumbuka Kano. Mwaka 1996, kaskazini mwa Nigeria kukiwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake, Trovan, kwa watoto 200 katika hospitali ya Kano: nusu walipewa Trovan, nusu dawa iliyokuwa ikitumika tayari, ceftriaxone. Watoto 11 walikufa, 5 upande mmoja na 6 upande mwingine. Wazazi walidai hawakuambiwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilisema kilichoua ni ugonjwa na kwamba wazazi walikubali kwa mdomo. Mwaka 2009 ilifikia makubaliano na jimbo la Kano ya dola milioni 75 bila kukiri kosa.

Kwa mdomo. Neno hilo nimelitafuna sana, kwa sababu nimekaa upande ule wa meza.

Kuanzia mwaka 2010 nilifanya kazi miezi 14 kwenye mradi wa utafiti wa dawa za malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sitautaja mradi wala mahali. Haukuwa mradi wa wauaji. Dawa zote mbili zilizolinganishwa zilikuwa zimeshapita hatua za usalama, madaktari walikuwa watu wa kazi, na mtoto akizidiwa gari lilikuja hata usiku wa manane. Kazi yangu ilikuwa ridhaa. Nilikaa chini ya mwembe nje ya zahanati, meza ya plastiki, rundo la fomu, kalamu, na kisahani cha wino wa zambarau kwa wasiojua kuandika.

Kabla ya kuanza, tulifanya kikao cha kutafsiri fomu. Rasimu yangu ya Kiswahili ilisema, "Mtoto wako ataingizwa katika majaribio ya dawa." Ilirudi ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu. Badala yake iliandikwa "utafiti wa matibabu". Niliambiwa majaribio litawatisha akina mama. Nilibisha kidogo, si sana. Nilikuwa na miaka 24 na ndio kwanza nimepata mshahara. Lakini anayezungumza Kiswahili anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili. Mwambie mtu anajaribiwa dawa, atakuuliza kama haijajulikana bado. Mwambie utafiti wa matibabu, atasikia matibabu tu. Hakuna aliyedanganya. Neno limechaguliwa likae pale likifanya kazi lenyewe.

Na hilo neno ridhaa. Kwetu Pwani ni neno la nikahi. Bibi harusi anaulizwa kama ameridhia, na akinyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa ndiyo, kwa kuwa anaona haya. Pale lakini ana mama yake, ana mashangazi wanaomjua tangu akitambaa, wanaoweza kutofautisha kimya cha haya na kimya cha kukataa. Chini ya mwembe ule sikuwajua wanawake wale. Nilisoma fomu kurasa nne. Nikauliza, una swali mama? Wengi walinyamaza. Nikahesabu.

Sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko zote ilikuwa hii: "Kushiriki ni kwa hiari yako. Ukikataa, mtoto wako ataendelea kupata huduma za kawaida." Ni sentensi nzuri. Ndiyo kanuni yenyewe. Azimio la Helsinki, kanuni za madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, lililotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, linasimama juu ya msingi huo, kwamba anayekataa asiadhibiwe kwa kukataa. Kwenye filamu, ThreeBees inaivunja waziwazi: ukikataa dawa yao, matibabu mengine huyapati. Mtazamaji anakasirika, na ana haki.

Mradi wetu haukumnyima mtu chochote. Ila huduma za kawaida zilikuwa mita thelathini kutoka mezani pangu, na kila mtu aliziona. Lilikuwa dirisha la dawa lenye mlango wa mbao, umefungwa kwa kitasa cha waya. Kwa majuma dawa zilikuwa zimeisha. Muuguzi alikuwa mmoja, na alikuwa akiwaandikia watu karatasi wakanunue mjini. Mjini nauli. Upande wetu wa mwembe kulikuwa na kipimo cha damu, dawa, chandarua, na nauli ya kurudi kliniki.

Alikuja mama mmoja mchana, foleni imeisha. Mtoto mgongoni, ana homa, kichwa kimelala upande. Nilimsomea kurasa zote nne na shahidi amekaa pembeni, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye ile sentensi akanyoosha mkono kunisimamisha.

"Daktari, nikikataa mtoto atatibiwa?"

Mimi sikuwa daktari. Nilimwambia hivyo kila mmoja na kila mmoja aliendelea kuniita daktari.

"Atatibiwa, mama. Atapata huduma za kawaida. Ni haki yake."

Akageuka akalitazama lile dirisha. Hakulitazama kwa hasira. Alilitazama kama mtu anayetazama mawingu ajue kama aanue nguo.

"Haya," akasema.

Sikutazama mahali pengine wala sikuwa na la kusema ambalo fomu iliniruhusu. Ningeweza kusema: mama, ukikataa nitakutafutia nauli. Wenzangu walinikanya mapema kwamba ukianza na mmoja utamaliza na kijiji kizima. Tumekuja kufanya utafiti, hatukuja kuendesha hospitali. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mwaka 2006, sebuleni kwa shangazi, yakitoka kinywani mwa mwanamume mpole anayeendesha gari.

Ndiyo maana siwezi kuitazama filamu hii kama wanavyoitazama wengine, wakingoja kujua nani aliyeagiza mauaji. Jibu linakuja: Pellegrin, mkubwa wa London, alijua, na barua yake inasomwa hadharani kanisani kwenye ibada ya kumkumbuka Justin, mbele ya waandishi wa habari. Ni tukio tamu, Bill Nighy, anayemwigiza Pellegrin, anatoka nje uso umepauka. Lakini barua ile inamhusu Tessa. Hakuna barua inayosomwa kwa ajili ya Wanza.

Na hapa nina ugomvi na filamu ninayoipenda. Simkumbuki Wanza akisema sentensi hata moja ninayoweza kuirudia. Yupo kitandani, anatokwa jasho, macho yake ni makubwa, kamera inampenda. Tunaambiwa na Tessa kinachomuua. Tunaambiwa na Bluhm. Naye Bluhm, Mwafrika pekee mwenye nafasi ya kweli katika kisa hiki, anauawa kwa ukatili nisiotaka kuuandika hapa, nje ya kamera, na tunapewa habari zake kwa maneno ya wengine. Filamu inayopiga kelele kwamba watu hawa walitumiwa bila kuulizwa, nayo imechukua kimya chao kama ridhaa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu Meirelles alijitahidi kuliko wengi. Waliotengeneza filamu walianzisha mfuko wa kusaidia Kibera na Loiyangalani, naye Meirelles akaweka masikioni mwetu sauti ya Ayub Ogada.

Hiyo nayo niiseme. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2019, anaimba Kothbiro kwa nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Jina la wimbo kwa Kijaluo maana yake ni mvua inakuja. Ni wimbo wa kuwaita watoto wawarudishe ng'ombe nyumbani kabla haijanyesha. Mara ya kwanza sikuelewa hata neno, na nililia. Baadaye rafiki yangu wa Siaya alinifasiria nikalia zaidi, kwa ajili ya Kioko, ambaye hakuna aliyemwita arudi kabla ya mvua.

Karibu na mwisho filamu inalirudia lile gari. Justin sasa amefika kusini mwa Sudan kumtafuta daktari aliyejificha, Lorbeer. Wavamizi wa farasi wanashambulia, watu wanakimbia, ndege ndogo ya misaada iko tayari kupaa. Justin amemshika mtoto wa kike anataka kumpandisha. Rubani anakataa: sheria hairuhusu, wako maelfu, siwezi kubeba wote. Justin anapaza sauti, lakini huyu yuko hapa, huyu tunaweza kumsaidia. Anatoa pesa. Rubani anatikisa kichwa. Na wakati wanaume hao wawili wakibishana, yule mtoto anaruka chini mwenyewe na kukimbia zake. Hakuna aliyemuuliza. Amesikia sauti zao, amehesabu, ameamua.

Baada ya hapo Justin anakwenda ziwani, mahali alipofia mkewe, akakae na kuwangoja watu wanaomfuata.

Mimi huwa nimebaki kule uwanjani na yule mtoto. Namwona kama anavyoonekana kutoka dirishani, mdogo, mbio, vumbi nyuma ya miguu yake, na nawaza yule mama wa chini ya mwembe. Alisema haya, akanipa mkono wa kushoto. Nilimshika kidole gumba nikakibonyeza kwenye wino, nikakiviringisha juu ya mstari, fomu mbili, yangu na yake. Akajifutia kwenye leso. Nilimwambia nakala moja ni yake, ni lazima aibebe. Hakuwa anajua kusoma. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso pale pale alipofunga pesa zake, akafunga fundo mara mbili, akamwinua mtoto juu kidogo mgongoni, akaenda kukaa kwenye benchi la upande wetu.